Orkaria na Sumaku Yake: Modeli za Angahewa ya Vibete Vyekundu

Kibete chekundu ni nyota ndogo, ya baridi, na yenye umri mrefu kupita kiasi. Tungamo yake huanzia asilimia 8 hadi takriban 60 ya tungamo ya Jua, na joto la uso wake huwa kati ya kelvini 2,400 na 3,900, ilhali uso wa Jua una kelvini 5,772. Katika kila nyota nne za Njia ya Maziwa, tatu hivi ni za aina hii. Hata hivyo hakuna hata moja inayoonekana kwa macho matupu. Iliyo angavu kuliko zote angani, Lacaille 8760, ina kipimo cha mng'ao cha 6.7, nje kidogo tu ya uwezo wa jicho la kawaida.

Mojawapo ya nyota hizo ina jina la Afrika Mashariki. Ni GJ 1214, iliyo umbali wa miaka ya nuru 48 hivi, ambayo mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliipa rasmi jina la Orkaria, na sayari yake jina la Enaiposha. Majina yote mawili ni ya Kimaasai na yalipendekezwa na kikundi kutoka Kenya. Kwa mtu aliyesimama ufukweni Mkuyuni, jijini Mwanza, nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, Orkaria hupita karibu na utosi, ikiwa imelalia kaskazini kwa nyuzi saba na nusu tu. Katikati ya Julai hufika hapo mnamo saa nne na nusu usiku. Mvuvi wa dagaa aliye ziwani saa hizo anaweza kuinua uso na kuitazama mahali ilipo bila kuiona, kwa kuwa ni hafifu takriban mara 3,000 kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho linaweza kuipata.

Nyota hafifu namna hiyo isingeandikwa sana kama si sayari yake. Enaiposha iligunduliwa mwaka 2009 na mradi wa MEarth ulioongozwa na David Charbonneau, kwa darubini ndogo nane za kipenyo cha sentimita 40 zilizowekwa Arizona, Marekani. Nusukipenyo chake ni mara 2.7 ya kile cha Dunia, tungamo yake ni mara nane hivi, na huizunguka nyota yake kwa siku 1.58 tu. Kila inapopita mbele ya Orkaria, mwanga wa nyota hupungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1.3, na sehemu ndogo ya mwanga uliobaki hupenya ukingoni mwa angahewa ya sayari ukabeba alama za gesi zilizomo. Alama hizo zimekuja juu ya mwanga wa Orkaria, na mwanga huo una madoa, una milipuko, na una miali ya urujuanimno ambayo hakuna chombo kilichowahi kuiona. Vyote vitatu vinatokana na sumaku. Kwa hiyo hesabu ya sayari haiwezi kuwa sahihi kuliko hesabu ya nyota yake, na hesabu ya nyota ni kwanza hesabu ya sumaku.

Angahewa ya kibete chekundu, kama ya Jua, ina tabaka. La chini ni fotosfia, ambako mwanga mwingi unaoonekana hutoka. Katika vibete vyekundu fotosfia ni ya baridi kiasi kwamba molekuli hazivunjiki: oksidi ya titani, oksidi ya vanadi na mvuke wa maji hufyonza mwanga katika mamilioni ya mistari iliyobanana, hata spektra ikaonekana kama imeng'atwang'atwa. Juu yake ni kromosfia, ambako joto huacha kushuka na kuanza kupanda hadi maelfu ya kelvini. Kisha huja eneo jembamba la mpito, na mwisho korona, ambayo joto lake hufika mamilioni ya kelvini. Wakazi wa Pakwach, kaskazini-magharibi mwa Uganda, waliiona korona ya Jua kwa sekunde ishirini hivi tarehe 3 Novemba 2013, Mwezi ulipolifunika Jua lote. Korona ya kibete chekundu haijawahi kuonekana hivyo, bali hujulikana kwa eksirei zake.

Kama joto lingesafiri kwa mwanga na mchemko wa gesi peke yake, angahewa ingeendelea kupoa kadiri ya kupanda. Kinachopandisha joto huko juu ni nishati inayobebwa na uga wa sumaku, ama kwa mawimbi yanayopanda kufuata nyuzi zake, ama kwa nyuzi zenyewe kujisokota, kukatika na kuungana upya. Namna kazi inavyogawanyika kati ya njia hizo mbili bado inabishaniwa hata kwa Jua. Wanaounda modeli za vibete vyekundu kwa kawaida hawangoji ubishi huo uishe. Huanza na matokeo, yaani mwanga unaopimwa, na kurudi nyuma kutafuta joto na msongamano uliouzaa.

Chanzo cha sumaku yenyewe ni mwendo wa gesi yenye umeme ndani ya nyota inayojizungusha. Katika Jua, wataalamu wengi kwa muda mrefu waliweka mzizi wa kazi hiyo kwenye mpaka kati ya kiini tulivu na ganda linalochemka, mahali ambapo kasi ya kuzunguka hubadilika ghafla. Vibete vyenye tungamo chini ya takriban asilimia 35 ya Jua havina mpaka huo, maana vinachemka kuanzia kitovu hadi juu. Orkaria, yenye asilimia 18, ni kimojawapo. Ilitarajiwa basi kwamba sumaku ya nyota kama hizo ingefuata kanuni tofauti kabisa. Mwaka 2016 Nicholas Wright na Jeremy Drake walichapisha vipimo vya eksirei vya vibete vinavyochemka vyote na vinavyojizungusha polepole, wakaonyesha kwamba vinafuata uhusiano uleule na nyota zenye mpaka: kadiri nyota inavyozunguka haraka ndivyo korona yake inavyong'aa, mpaka eksirei zifike sehemu moja ya elfu ya mwanga wote, kisha ongezeko hukoma. Matokeo hayo yanadhoofisha nadharia ya mpaka hata kwa Jua lenyewe, na huenda hilo ni somo kubwa kuliko yote ambayo vibete vyekundu vimeifundisha fizikia ya nyota.

Kompyuta nazo zimesaidia. Mwaka 2008 Matthew Browning aliiga ndani ya kompyuta mpira wa gesi unaochemka wote na kupata uga imara wa sumaku bila mpaka wowote. Mwaka 2015 Rakesh Yadav na wenzake walipata katika mwigo mmoja uga mkubwa wenye ncha mbili kama sumaku ya Dunia, pamoja na nyuga ndogondogo zilizotapakaa usoni. Miigo hiyo bado inatumia gesi iliyo nzito na yenye mnato kuliko ya kweli, kwa kuwa hakuna kompyuta inayoweza kufuata misukosuko midogo yote.

Nguvu ya uga hupimwa kwa athari ya Zeeman: atomu zikiwa ndani ya sumaku, mstari mmoja wa spektra hupasuka kuwa kadhaa, na umbali kati yake hukua pamoja na uga na pia pamoja na mraba wa urefu wa wimbi. Ndiyo sababu infraredi hufaa zaidi. Mwaka 1985 Steven Saar na Jeffrey Linsky walitumia mistari ya infraredi ya kibete AD Leonis wakapata uga wa gausi 3,800 uliofunika takriban asilimia 73 ya uso. Kwa kulinganisha, sumaku ya Dunia pale Mwanza ni karibu theluthi moja ya gausi, na nguvu kama ile ya AD Leonis hupatikana kwenye Jua ndani ya madoa tu, yanayofunika sehemu ndogo mno ya uso. Baadaye vilipatikana vibete ambavyo wastani wa uga wao unafika gausi 7,000.

Kuna njia ya pili, ambayo hutumia mwelekeo wa mtetemo wa mwanga kuchora ramani ya uga nyota inapozunguka. Ramani hizo zinapendeza, ila zina udhaifu mmoja mkubwa. Sehemu za kaskazini na za kusini zikikaribiana, alama zake hufutana, na ramani hubaki na uga mpana peke yake. Katika vibete vingi kinachobaki ni sehemu ndogo ya sumaku yote iliyopimwa kwa njia ya kwanza. Anayeunda modeli ya upepo wa nyota anaweza kuridhika na uga mpana, kwa kuwa ndio unaofika mbali. Anayeunda modeli ya kromosfia hawezi, kwa kuwa joto lake linatoka kwenye zile nyuga ndogo zilizofutika.

Modeli za kawaida za angahewa hujengwa kwa safu moja ya wima. Mwundaji huanza na fotosfia iliyokokotolewa kwa programu kama PHOENIX, inayohesabu mistari ya molekuli kwa wingi wake. Juu yake huongeza mpando wa joto wa kukisia: wapi joto linaanza kupanda, linapanda kwa kasi gani, eneo la mpito liko kwenye shinikizo lipi. Kisha hukokotoa spektra na kuilinganisha na ile iliyopimwa, na kurudia hadi zishabihiane. Mtindo huo ulikomaa kwenye Jua, hasa kwa kazi ya Vernazza, Avrett na Loeser ya mwaka 1981. Ugumu wake uko kwenye gesi adimu ya kromosfia, ambamo atomu hazigongani mara nyingi. Hali ya kila atomu hutegemea mwanga unaoipiga, na mwanga hutegemea hali ya atomu, kwa hiyo milinganyo yote hutatuliwa kwa pamoja.

Mfano wa ugumu huo ni mstari mwekundu wa haidrojeni, alfa, ambao ndio unaopimwa kuliko yote. Lawrence Cram na Dermott Mullan walionyesha mwaka 1979 kwamba katika vibete vyekundu mstari huo hauongezeki moja kwa moja pamoja na sumaku. Nyota isiyo na kromosfia ina mstari dhaifu mno, kwa sababu fotosfia ni ya baridi. Kromosfia ikianza kukua, mstari huzidi kuwa mweusi. Ikikua zaidi, mstari hujaa, hutoweka, halafu hugeuka kuwa angavu. Maana yake ni kwamba nyota mbili zenye mstari unaofanana zinaweza kuwa na kromosfia tofauti kabisa, moja ikiwa upande wa kupanda na nyingine upande wa kushuka. Mistari ya kalsiamu katika urujuani huongezeka bila kurudi nyuma, kwa hiyo modeli nzuri hulinganisha yote miwili. Modeli iliyojengwa juu ya alfa peke yake ni ya kutiliwa shaka, na zimechapishwa kadhaa za namna hiyo.

Pengo lililo baya zaidi liko kwenye urujuanimno mkali, takriban kati ya nanomita 10 na 91. Miali hiyo ndiyo inayopasha joto angahewa ya juu ya sayari na kuifanya itoroke angani, na ndiyo isiyoonekana: haidrojeni iliyotapakaa kati ya nyota huifyonza, hasa juu ya nanomita 40. Setilaiti ya EUVE ya Marekani, iliyofanya kazi kati ya 1992 na 2001, iliziona nyota chache tu za karibu na zenye nguvu. Kwa Orkaria hali ni ngumu zaidi. Darubini ya anga ya Hubble iliutafuta mstari wa Lyman-alfa, unaotumika kukadiria miali mingine ya urujuanimno, na haikuupata. Eksirei zake zilipatikana na darubini ya anga ya XMM-Newton, zikaashiria korona ya takriban kelvini milioni 3.5. Hivyo pande mbili za spektra zina vipimo, na katikati hamna kitu.

Kulijaza pengo hilo kuna njia tatu, na kila moja ina wafuasi wake. Ya kwanza hutumia uwiano uliopatikana kwa nyota nyingine, hasa Jua: eksirei ni kadha, basi urujuanimno mkali ni kadha. Ni rahisi, na kwa nyota tulivu na nzee inaweza kupotosha. Ya pili hutumia mistari ya urujuanimno na eksirei inayoonekana kukisia kiasi cha gesi katika kila daraja la joto, kisha hukokotoa mistari isiyoonekana ambayo gesi hiyo lazima iitoe. Ya tatu ni modeli kamili kutoka fotosfia hadi juu, kama zile alizounda Sarah Peacock na wenzake kwa TRAPPIST-1 na nyota nyinginezo mwaka 2019. Kwa nyota moja, njia hizo zinaweza kutofautiana kwa mara kumi. Ya pili ndiyo yenye msingi imara zaidi pale ambapo vipimo vipo, kwa kuwa haibuni muundo wa angahewa. Ya tatu ndiyo pekee inayoweza kusema kitu kuhusu mng'ao usio wa mistari.

Kilichoikuta heli ya Enaiposha kinaonyesha gharama ya pengo hilo. Gesi ya heli ikitoroka sayari, huacha alama kwenye nanomita 1,083, lakini kwa sharti kwamba atomu ziwe katika hali fulani ya msisimko. Hali hiyo hulishwa na urujuanimno mkali unaong'oa elektroni, ambazo hurudi na kutua hapo; tena huharibiwa na urujuanimno wa kawaida. Kinachoamua basi ni uwiano wa miali miwili ya nyota, mmoja ukiwa haujawahi kupimwa. Vikundi kadhaa viliitafuta heli hiyo. Vingine havikuona kitu, na kimoja kiliripoti mwaka 2022 kwamba kimeiona. Ubishi ulielekezwa kwanza kwenye mvuke wa maji wa angahewa ya Dunia unaochafua vipimo. Lakini hata kama vipimo vingekubaliana, kuvigeuza kuwa kilo za gesi zinazotoroka kwa sekunde kungetegemea modeli ya Orkaria.

Yote hayo yanachukulia kwamba nyota imetulia. Vibete vyekundu havitulii. Mwaka 1948 nyota inayoitwa sasa UV Ceti ilionekana ikiongezeka mwanga mara nyingi kwa dakika chache, na tangu hapo nyota za kulipuka zikawa tawi la utafiti. Tarehe 12 Aprili 1985 AD Leonis ililipuka kwa zaidi ya saa nne na kutoa nishati ya jouli 10 kwa kipeo cha 27, mara mia hivi ya milipuko mikubwa ya Jua. Tarehe 1 Mei 2019 Proxima Centauri, jirani wa karibu kuliko wote, ilipanda mara 14,000 katika urujuanimno kwa sekunde chache, huku darubini kadhaa zikiitazama kwa wakati mmoja.

Kuitazama nyota kwa vyombo vingi pamoja kulianza mapema, na pwani ya Kenya ilikuwa na sehemu yake. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, zilirushwa setilaiti za eksirei Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, Ariel 5 mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975. SAS-3 ilielekezwa kwenye kibete YZ Canis Minoris huku darubini za mwanga na za redio zikikitazama. Milipuko midogo ya mwanga na ya redio ilionekana, eksirei za kuandamana nayo hazikuonekana. Kukosekana huko kulikuwa kipimo cha maana, maana kuliziwekea kikomo modeli zilizotabiri eksirei nyingi kwa kila mlipuko.

Modeli za milipuko hufuata gesi ndani ya utanzi mmoja wa sumaku. Nyuzi zikiungana upya huko juu, elektroni hutimuliwa kuelekea chini na kuipiga kromosfia, ambayo huwaka na kupanda ikajaza utanzi kwa gesi ya mamilioni ya kelvini. Programu ya RADYN, iliyoanzishwa kwa ajili ya Jua, ilitumiwa na Joel Allred na wenzake mwaka 2006 kwa vibete vyekundu. Ilikwama mahali pamoja. Mwanga mweupe wa milipuko halisi una umbo la kitu chenye kelvini 9,000 hadi 10,000, na elektroni za nguvu ya kawaida hazikuweza kupasha joto tabaka zito kiasi hicho. Adam Kowalski na wenzake waliongeza nguvu ya miale ya elektroni mara nyingi, rangi ikapatikana. Sasa swali limehamia kwingine: namna wingi huo wa elektroni unavyoweza kusafiri bila umeme wake wenyewe kuuzuia.

Kwa sayari, mwanga wa mlipuko si hatari kubwa kama chembe zinazoandamana nao. Antígona Segura na wenzake waliutumia mwaka 2010 mlipuko wa AD Leonis kukokotoa hali ya ozoni ya sayari kama Dunia. Urujuanimno peke yake ulibadilisha ozoni kwa asilimia 1 hivi. Protoni zilipoongezwa, asilimia 94 ilipotea katika kipindi cha miaka miwili. Idadi ya protoni ilikisiwa kwa uhusiano wa Jua, na hapo pana mwanya, kwa kuwa uga mpana na wenye nguvu wa kibete chekundu unaweza kuzifungia chembe ndani zisitoke kabisa.

Linabaki suala la madoa, ambalo limekuwa la haraka tangu darubini ya James Webb ianze kazi mwaka 2022. Karabai ya kuvulia dagaa yenye masizi kwenye kioo hutoa kielelezo: mdudu akipita mbele ya sehemu safi, mwanga hupungua kuliko ukubwa wake unavyostahili, kwa kuwa amefunika sehemu inayotoa zaidi ya wastani. Sayari ikipita nje ya madoa huonekana kubwa kuliko ilivyo. Ikipita nje ya sehemu angavu huonekana ndogo. Na kwa kuwa tofauti ya mng'ao hubadilika kwa kila rangi, ukubwa wa uongo nao hubadilika kwa rangi, sawasawa na vile angahewa ya sayari ingefanya. Mwaka 2017 Benjamin Rackham na wenzake walionyesha kwamba spektra ya Enaiposha katika mwanga unaoonekana inaeleweka ikiwa takriban asilimia 3 ya uso wa Orkaria, nje ya njia ya sayari, ina joto la kelvini 350 hivi zaidi ya sehemu nyingine.

Madoa ya vibete vyekundu yana mtego wa ziada. Yana baridi ya kutosha kubeba mvuke wa maji, ambao umeonekana hata ndani ya madoa ya Jua. Mwaka 2023 James Webb ilipata dalili za maji katika mwanga wa kibete GJ 486, na waandishi wakashindwa kuamua kama ni ya sayari yake au ya madoa ya nyota. Mwaka huohuo spektra ya sayari TRAPPIST-1 b ilitawaliwa na alama za nyota yake. Modeli za madoa zinazotumika mara nyingi huchukua spektra ya nyota baridi zaidi na kuiita doa, jambo lisilo sahihi, kwa kuwa doa lina shinikizo tofauti na sumaku inayozuia mchemko. Miigo ya pande tatu inayoweka sumaku ndani ya gesi inayochemka imeanza kutoa spektra za madoa halisi, ila kwa aina chache za nyota hadi sasa.

Kwa Enaiposha, Hubble iliitazama mara 15 na Laura Kreidberg na wenzake wakachapisha mwaka 2014 spektra iliyonyooka, ishara ya mawingu au ukungu mzito juu angani. Mwaka 2023 James Webb ilipima joto lake pande zote mbili: takriban kelvini 553 mchana na 437 usiku, na kwamba inarudisha sehemu kubwa ya mwanga inaoupokea. Baadaye zilichapishwa dalili za kaboni dioksidi. Dalili hizo ni ndogo, za kiwango kilekile ambacho madoa ya Orkaria yanaweza kuzalisha, na waliozichapisha walilazimika kwanza kuunda modeli ya uso wa nyota kabla ya kuzungumzia gesi ya sayari.